Matundu Kumi na Manne

Tulipoachana, Karani alikuwa kwenye kizimba cha mashahidi, kinywa wazi na neno halitoki. Mwendesha mashtaka alikuwa amemuuliza swali moja tu: ukiiacha hii iliyomuua mwalimu, mwaka huu njia panda ya mashineni imekuwa na ajali ngapi?

Najua mmebishana wiki nzima. Wengine mmeapa kwamba atasema kweli, kwa kuwa mshtakiwa ni mdogo wake wa tumbo moja. Damu nzito kuliko maji, mkasema. Ninyi hamjawahi kuajiriwa.

"Hakuna," Karani akasema.

"Sema kwa sauti, hakimu akusikie."

"Hakuna ajali, mheshimiwa. Ripoti za miezi kumi na moja ziko hapo mezani. Kila mwezi ni sifuri."

Kijana aliyekuwa kwenye kizimba cha washtakiwa akainua uso. Huyo ndiye Dereva, mdogo wake, mwendesha lori la mchanga. Alimtazama dada yake kama mtu aliyepigwa kofi na mkono uliomlea.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, kesi ni hii. Lori liliteremka kilima, likamgonga mwalimu akivuka mashineni na mfuko wake wa madaftari, likaenda kusimama ng'ambo ya daraja. Wakili wa Dereva ana utetezi mmoja: pale mahali ndipo pabaya. Hakuna tuta, hakuna kibao, na mlima ule unazisukuma gari kama mtu mwenye kisasi. Mwendesha mashtaka anasema mahali hapana kosa, mwenye kosa ni dereva. Akishinda, Dereva anakwenda miaka saba. Na mtu pekee mjini anayejua hesabu ya kweli ni Karani wa takwimu za ajali.

Hesabu ya kweli, msomaji, ni ajali kumi na nne na maiti sita.

"Asante," mwendesha mashtaka akasema. "Basi mahali pasipo na ajali mwaka mzima, lori moja limepita likaua. Shahidi, hapo mwenye tatizo ni barabara au ni dereva?"

"Mimi siwezi kusema."

"Huna haja. Umeshasema."

Hakimu akaangalia saa, akatoa mapumziko ya nusu saa.

Ukumbini nje, wa kwanza kumfikia Karani alikuwa mkuu wake wa kazi, mwenye idara ya usalama barabarani. Mji mzima unamwita Bwana Sifuri, naye analipenda jina. Mezani kwake kuna kikombe cha fedha alichopewa kwa kuongoza mji ulio salama, na kila Ijumaa hukifuta kwa kitambaa chake cha mkononi.

"Umefanya kazi," akamwambia. "Nilijua hutaniangusha."

"Mkuu, yule ni mdogo wangu."

"Kifungo kina mwisho, bibie. Kazi ikitoka hairudi."

"Ni miaka saba."

"Akiwa na adabu atakaa mitano." Akashusha sauti. "Na ripoti ya mwezi huu naitaka kesho asubuhi. Hii ya mwalimu umeiandika wapi?"

"Bado sijaiandika."

"Lori lilisimama wapi?"

"Ng'ambo ya daraja."

"Basi ajali iko ng'ambo ya daraja. Kule ni wilaya ya watu. Wajue wenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake. Siku alipohamia ofisi ile aliwaambia kwamba ajali huandikwa mahali gari liliposimama, si mahali lilipogonga. Karani alicheka, akidhani bosi mpya anapenda utani. Lakini mlima wa mashineni ni mkali, na gari likigonga pale halisimami mpaka livuke daraja, na ng'ambo ya daraja ndipo wilaya nyingine inapoanza. Kwa kanuni ile, njia panda ya mashineni haikuweza kupata ajali hata ingetaka. Matuta yaliyokuwa yajengwe pale yakaenda kujengwa mbele ya ofisi ya Bwana Sifuri, maana takwimu zilisema mashineni hayahitajiki.

Na mwandishi wa takwimu hizo hakucheka tena. Aliandika.

Mama yao alikuwa amekaa kwenye benchi mwisho wa ukumbi, mkoba magotini. Karani akamwendea. Mama hakumtazama.

"Ulimbeba mgongoni yule," mama akasema. "Mimi nilikuwa vibaruani kutwa. Wewe ndiye ulimbeba mpaka akajua kutembea."

"Mama, wangenifukuza kazi."

"Wangekufukuza ungekaa nyumbani, tungekula hicho hicho. Yeye akifungwa, mimi nitakuwepo akitoka?"

"Mama, nisikilize."

"Sina masikio. Ukiingia tena mle ndani ukasema ulivyosema, usiniite mama. Nitahesabu kwamba nilizaa mmoja."

Maneno ya mzazi hayana bandeji. Karani akapiga moyo konde. Alitoka mbio, akavuka uwanja, akaingia ofisini kwake, maana ofisi ya usalama barabarani na mahakama ziko ndani ya ua mmoja.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la chuma. Humo ndimo zilimokaa fomu halisi za ajali, zile zinazojazwa palepale barabarani askari akiwa bado amechuchumaa karibu na damu. Fomu zinasema gari liligonga wapi. Alitaka fomu kumi na nne tu.

Rafu ilikuwa tupu, tena imefutwa na kitambaa kibichi. Bwana Sifuri alikuwa amemtangulia.

Karani akakaa chini sakafuni. Dakika kumi na mbili zilibaki. Hapo ndipo alipoiona ramani.

Miaka tisa ilikuwa mbele ya macho yake, mpya kila Januari, imebandikwa kwenye ubao laini ukutani, na pini nyekundu kila palipotokea ajali. Mkuu wa zamani ndiye aliyemfundisha: simu ikiingia, choma pini kabla hujashika kalamu. Mkono ukazoea. Hata baada ya kanuni ya Bwana Sifuri, simu ikilia Karani alichoma pini pale gari lilipogonga, kwa mazoea tu, na mwisho wa mwezi, mkuu akikaribia kupita, aliing'oa akaihamishia ng'ambo ya daraja. Pini zilihama. Matundu hayakuhama.

Aliinuka akapapasa karatasi kwa kidole pale mashineni. Ilikuwa imechakaa kama kitambaa cha kuchujia. Akang'oa pini zote, akaibandua, akaikunja, akarudi mahakamani mbio hadi wakili wa Dereva alipomshika mkono mlangoni.

"Kuna nini?"

"Niulize tena lile swali," Karani akasema. "Niulize wewe."

Wakili hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Hakimu alipoketi tu, wakili akasimama.

"Shahidi, kabla ya mapumziko ulisema mashineni hapana ajali. Ni kweli?"

"Si kweli."

Benchi zote zililia kwa pamoja, watu wakijisogeza mbele.

Ramani ikafunguliwa mezani. Hakimu akavaa miwani, asione kitu. Ndipo Karani alipomwomba aielekeze dirishani. Mheshimiwa akaiinua kwa mikono miwili, na mwanga wa mchana ukapenya mashineni kwa vitundu vidogo, vimesongamana mahali pamoja pasipofikia upana wa ukucha.

Akavihesabu kwa sauti. Ukitoa kile cha mwalimu, vilikuwa kumi na vinne.

"Nani alihamisha pini?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya mkuu wangu. Yule pale."

Bwana Sifuri akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, mimi husaini ninacholetewa. Kama karani wangu amenidanganya mwaka mzima, nasikitika kama raia mwingine yeyote." Akaketi, akanyoosha suruali magotini. Hakuna aliyemuuliza kitu kingine, wala mimi sikutegemea aulizwe.

Lakini Karani hakujali. Alikuwa anamtazama mdogo wake kizimbani, naye Dereva alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. Wakili alikuwa ameanza kupanga karatasi zake. Kwa dakika moja nzima, Karani alikuwa mtu mwenye furaha. Mwacheni aifaidi.

Mwendesha mashtaka aliinuka bila haraka. Ni askari mnene mwenye sauti ya upole, na watu waliowahi kufungwa kwa mkono wake wanasema upole ule ndio wa kuogopwa.

"Bibie, pole sana. Umefanya jambo gumu."

"Asante, afande."

"Mshtakiwa anaishi wapi?"

"Kwangu. Mimi, yeye na mama."

"Mchanga anaupitisha njia gani?"

"Mashineni. Hakuna njia nyingine ya lori."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne, siku nyingine tano."

"Na wewe ulikuwa unajua watu sita wamekufia pale."

"Nilijua."

"Dada anayempenda mdogo wake kiasi hiki, mbona hakumwonya?"

Wakili aliruka wima kupinga, lakini ulimi hauna mfupa, na ulimi wa dada aliyesingiziwa kutojali hauna hata breki.

"Nilimwonya," Karani akasema, karibu kwa hasira. "Kila asubuhi. Nilimwambia ateremke na gia namba mbili, asiziamini breki, pale watu wanakufa."

Alipofunga mdomo tu akaelewa.

Mwendesha mashtaka akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, mimi nilimshtaki kijana huyu kama mzembe. Nilidhani hakujua. Sasa dada yake wa damu ameapa kwamba alijua kuwa pale ni machinjioni, na alikumbushwa kila siku mlangoni kwao. Mkaguzi wa magari amesema gia iliyokutwa kwenye lori ni namba nne. Huo si uzembe tena. Naomba kubadilisha mashtaka yawe ya kuua bila kukusudia."

"Adhabu yake unaijua," hakimu akasema.

"Naijua. Ni mpaka maisha."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Hawakusema cha kufanya ukikichimba halafu akatumbukia ndugu yako.

Tabasamu la Dereva lilikuwa limezimika. Hakimu akamgeukia. "Mshtakiwa, nakuuliza mimi mwenyewe. Dada yako alikuonya?"

Karani aliikumbuka asubuhi ya siku ile kama anavyoikumbuka namba yake ya simu. Dereva alikuwa mlangoni, mguu mmoja kwenye kiatu. Alimwambia maneno yaleyale, naye akacheka akamjibu, dada, umenifanya mtoto. Mama alikuwa mezani akimimina chai. Watu watatu, chumba kimoja, birika moja.

Dereva akamtazama dada yake. Hakukwepesha macho, na hilo ndilo siwezi kumsamehe.

"Hakuniambia," akasema. "Hata siku moja, mheshimiwa. Ningejua, mchanga ningeubeba kichwani. Alinificha kama alivyowaficha ninyi."

Ukumbi mzima ulimgeukia Karani. Yeye aligeukia benchi la tatu, alikokaa mama. Mama alikuwa anafungua zipu ya mkoba wake na kuifunga. Aliifungua, akaifunga.

"Mmoja wenu ananidanganya," hakimu akasema. "Shahidi, wewe asubuhi umeshadanganya mara moja chini ya kiapo. Nakuuliza kwa mara ya mwisho, na fikiri. Ulimwambia, au hukumwambia?"

Sasa fikirini nanyi mlioko nyumbani na gazeti lenu. Akisema alimwambia, anamzika mdogo wake akiwa hai. Akisema hakumwambia, mdogo wake ni maskini aliyefichwa siri, aliyeteremka mlima bila kujua, na yeye ni mwanamke aliyeliona shimo akamwacha wa kwao alitumbukie. Kweli iko upande mmoja na ndugu yuko upande mwingine. Nilimwonea huruma, na bado ninamwonea.

"Sikumwambia, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kupoteza kazi."

Kwenye benchi la mbele alikuwa amekaa mume wa marehemu mwalimu. Tangu kesi ianze hakuwahi kufungua mdomo. Sasa aliongea, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anamweleza jirani yake.

"Hata mdogo wake."

Hayo tu. Mwanamke wa nyuma yake akatema mate sakafuni, na askari wa mlangoni hakumkemea.

Hakimu hakukawia. Ombi la kubadilisha mashtaka likakataliwa. Dereva akapewa dhamana mpaka siku ya hukumu, na wakili akamnong'oneza kwamba sasa hata faini ikitoka itakuwa ndogo. Ikaamriwa Karani akamatwe hapohapo kwa kughushi takwimu za serikali. Ramani ikachukuliwa kuwa kielelezo.

Askari wa kike akamfunga pingu, akamketisha kwenye kiti cha ukumbini karibu na dirisha, kusubiri gari la mahabusu.

Dereva akatokea, mama nyuma yake. Karani akasimama. Alifikiri atakumbatiwa, kwa hiyo aliinua mikono yote miwili na pingu zake.

"Dada, funguo za nyumba unazo?" Dereva akauliza.

Ilimchukua muda kuzitoa mfukoni kwa mikono iliyofungwa. Dereva akazipokea, akazitazama.

"Hii ndogo ni ya nini?"

"Ya stoo."

"Sawa." Akakuna shingo. "Ungeulizwa wewe ungefanya vilevile, dada. Usinichukie."

Mama akasogea, akamweka sawa ukosi wa blauzi. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Nitakuletea sabuni," akasema, "na lile shuka zito." Akamfuata mwanawe nje.

Uwanjani lilikuwa linanguruma lori jingine la tajiri wa Dereva, limejaa mchanga mpaka juu. Tajiri mwenyewe alikuwa amesimama kando yake, akionyesha saa. Mzigo ulikuwa unasubiriwa ng'ambo ya daraja kabla mafundi hawajaondoka, na leseni ya Dereva hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Dereva akashika usukani, na mama akashikwa mkono akapandishwa mbele, mkoba magotini.

Karani aliyaona yote kwa dirisha. Aliliona lori likigeuza kichwa kuelekea kilimani. Breki za upepo zikafoka, zikakatika katikati, zikafoka tena. Sauti ile aliijua. Miaka tisa alikuwa ameisikia kwenye simu za watu waliokuwa wanalia.

Alisahau pingu. Alisahau kiapo, kazi, hakimu, na ukosi uliowekwa sawa. Alisimama juu ya kiti, akatoa kichwa dirishani akapaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Mashineni gia namba mbili. Namba mbili, kama ninavyokuambia kila siku."

Na Dereva, kwa mazoea yaleyale ya kila asubuhi, akatoa mkono nje bila kugeuka.

"Nimekusikia, dada. Kila siku wimbo huohuo."

Lori likatoka getini. Karani akashuka kwenye kiti. Mlangoni pa ukumbi alikuwa amesimama mwendesha mashtaka, ramani kwapani. Hakuonekana kushangaa.

"Umewasikia wote wawili?" akamuuliza askari wa kike.

"Nimewasikia, afande."

"Kimbia kamwambie hakimu asiondoke. Halafu wapigie walinzi wa kizuizi, walisimamishe lile lori kabla halijafika mashineni."

Askari wa kike akachungulia dirishani. Kule kilimani lori lilikuwa linazidi kushika kasi.

"Limeshaanza kuteremka, afande," akasema. "Na haliendi na gia namba mbili."